Arusi Itengenezwe Mapema

Somo kwa wachumba, wazazi, wazee wa kanisa na wainjilisti

Yasomwe kwanza: Luka 14:28–30, Yohana 2:1–11, Mathayo 25:1–13

Mwezi huu twataka kufundishana juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa la dunia tu, nalo ni kutengeneza arusi kwa wakati wake. Tumelichagua kwa sababu katika sharika zetu za Kibaha na Kisarawe twaona mambo mawili yenye kutuhuzunisha. La kwanza, ziko arusi zifungwazo kwa haraka na kelele nyingi, na kabla mwezi haujaisha bwana na bibi arusi wameanza kujificha kwa sababu ya wadai wao. La pili, wako vijana wakaao pamoja miaka mingi pasipo ndoa, na ukiwauliza sababu wajibu, "Mchungaji, bado hatujapata fedha ya arusi." Hao hawaendi kwenye Meza ya Bwana, na watoto wao wakua wakiwaona wazazi wao wamebaki kwenye viti vya nyuma wakati wenzao wakienda mbele.

Mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Yule wa kwanza hakuhesabu gharama, na yule wa pili amehesabu gharama ambayo hakuna aliyemtwika. Wote wawili wamesahau mfano wa Bwana wetu juu ya mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu. Tuangalie neno hili "kuketi." Mtu asiye na wakati hawezi kuketi. Kwa hiyo somo letu la leo ni kuwa na wakati.

1. Ndoa ni nini, na arusi ni nini

Ndoa ni agano la mume mmoja na mke mmoja mbele ya Mungu na mbele ya watu, hata kifo kiwatenge. Arusi ni furaha ya siku moja, ambayo kwayo jamaa na majirani hulishuhudia agano hilo. Ndoa yaweza kusimama pasipo karamu, lakini karamu pasipo ndoa ni chakula tu.

Tukiitazama Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, tutaona kwamba mambo itakayo ni machache na ya wazi. Wawili hao wawe wamekubali kwa hiari yao wenyewe. Wasiwe na undugu uliokatazwa. Mtu aliye katika ndoa ya mke mmoja asifunge ndoa nyingine. Wawepo mashahidi wasiopungua wawili, naye mfungishaji awe na idhini. Taarifa ya kutaka kufunga ndoa itolewe mapema. Wala hakuna neno katika sheria hiyo litajalo ukumbi, keki, wala magari yaliyopambwa. Hata mahari, ijapokuwa ni desturi yenye heshima, sheria yasema kwamba kutokutimizwa kwake hakuibatilishi ndoa iliyo sawa katika mambo mengine.

Juu ya umri, twawakumbusha wazazi jambo moja. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba vifungu vilivyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18 vyapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu hiyo. Basi mzazi asituletee binti ambaye hajatimiza miaka 18. Hatutamtangaza.

Hatusemi haya ili kuidharau karamu. Bwana wetu alialikwa arusini Kana, naye akaenda. Ishara yake ya kwanza aliifanya huko, divai ilipowatindikia. Lakini tuone pia kwamba palikuwapo mtu aliyetambua upungufu kabla wageni hawajanung'unika, akausema bila kumwaibisha mwenye arusi. Kila arusi yahitaji mtu wa namna hiyo, na afadhali aonekane miezi sita kabla kuliko saa moja kabla.

2. Miezi sita: wazazi na jamaa

Twashauri kwamba tangu siku ya kupeleka posa mpaka siku ya arusi isipungue miezi sita. Wengine watasema ni mingi. Lakini Yakobo alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, na siku zake hazikumwua.

Katika mwezi wa kwanza kijana azungumze na wazazi wake, naye binti azungumze na wake. Hapo mshenga atumwe. Mshenga achaguliwe mtu mwenye maneno machache na kumbukumbu njema, kwa maana ndiye atakayeulizwa siku za baadaye ni nini kilichopatanwa. Huku Uzaramoni mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mpwa wake. Asipoitwa mwanzoni, atakuja mwishoni, na huyo ajaye mwishoni huja na hasira. Tumeona posa iliyokwisha kupokewa ikisimamishwa wiki tatu kwa sababu mjomba mmoja alizisikia habari hizo gengeni kwa watu wengine.

Mahari ipatanwe kwa kiasi, na mapatano yaandikwe. Baba mwenye hekima hujua kwamba kila shilingi amdaiyo mkwewe kupita kiasi yatoka katika sahani ya binti yake mwenyewe. Ikiwa italipwa kwa mafungu, iandikwe ni mafungu mangapi, na lini.

3. Miezi mitano: mchungaji, mafundisho na afya

Desturi ya siku hizi ni kwenda kwanza kwa mwenye ukumbi, kisha kwa mpiga picha, na mwisho kabisa kwa mchungaji, na kumwambia, "Tarehe tumekwisha kuipanga." Yafaa mambo yageuzwe. Wachumba na waende kwanza kwa mwinjilisti wa mtaa wao na kwa mchungaji, wakiwa na cheti cha ubatizo na cha kipaimara, na barua ya utambulisho kama mmoja wao atoka usharika mwingine. Vyeti vya watu wengine viko Mbeya, au Bukoba, au Kilimanjaro. Kuvitafuta kwahitaji majuma, wala si siku mbili.

Hapo mafundisho ya ndoa yaanze. Mwinjilisti asiyafanye kuwa hotuba. Awaulize wachumba mambo ambayo watu huona haya kuyauliza: fedha zitakaa kwa nani? Mtakaa wapi, na kodi ni kiasi gani? Mama mzazi wa mume atakaa nanyi? Kuna mtoto aliyezaliwa kabla, naye atalelewa na nani? Mtasali wapi? Maswali hayo yakijibiwa sasa huleta mazungumzo. Yakingoja mpaka mwaka wa pili huleta ugomvi.

Wazee wa kike wa usharika wasiliachie kungwi kazi yote. Katika mafundisho ya kale ya mwali yamo mengi mema: usafi, heshima, kutunza nyumba, kunyamaza penye kunyamaza. Lakini mwanamwali wa Kikristo apate pia mama wa kanisa wa kumfundisha kuomba, na kumwambia wazi kwamba kipigo si sehemu ya ndoa.

Twawashauri wote wawili waende hospitali kupima afya zao. Watu wa Kibaha wana hospitali ya Tumbi karibu, na wa Kisarawe wana hospitali ya wilaya. Wengi wajua juu ya kupima virusi vya ukimwi. Wachache wajua juu ya selimundu, nao ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa wazazi wake. Mtu aweza kuwa na chembe ya selimundu bila yeye mwenyewe kuumwa. Wakioana wawili wenye chembe hiyo, katika kila mimba kuna bahati moja katika nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Hatuwakatazi hao kuoana. Lakini ni bora walijue neno hili mapema, walipime mioyoni mwao, na kumwuliza mganga, kuliko kuanza kulaumiana kando ya kitanda cha mtoto.

4. Matangazo yasomwe kabla fedha hazijatoka

Sheria yataka taarifa ya ndoa itolewe siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, nalo kanisa husoma matangazo Jumapili tatu. Wengine hudhani kwamba hiyo ni desturi ya karani tu. La, ni ya kale sana. Mtaguso wa nne wa Laterano, uliokutana Roma mwaka 1215, ndio ulioagiza matangazo haya katika kanisa lote la magharibi, ili kuzuia ndoa za siri. Naye Martin Luther, alipoandika mwaka 1529 kitabu kidogo cha kuwasaidia wachungaji kufungisha ndoa, alianza na tangazo la kusomwa kanisani. Tangazo lina kazi mbili: kuwaomba watu wawaombee wachumba, na kumpa nafasi mwenye neno alitoe.

Hapa tutakiri kosa letu wenyewe, ili wengine wajifunze. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na wachumba, kijana wa upande wa Mlandizi na binti wa upande wa Maneromango. Walikuja kwetu zikiwa zimebaki wiki nne tu. Ukumbi ulikuwa umekwisha kulipiwa, kadi zimekwisha kuchapwa, na ng'ombe amekwisha kununuliwa. Sisi, kwa kutotaka kuwaudhi wazee, tulikubali tarehe yao, tukaanza kusoma matangazo. Jumapili ya kwanza pakawa kimya. Jumapili ya pili pakawa kimya. Jumapili ya tatu, baada ya ibada, mwanamke mmoja kutoka upande wa Mzenga alisimama mlangoni pa ofisi, amebeba mtoto mgongoni, na mzee mmoja amefuatana naye. Yule mzee alikuwa baba yake. Alikuwa na karatasi ya mapatano ya mahari, na jina la bwana arusi lilikuwamo.

Arusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Kamati walitujia usiku, wakasema, "Mchungaji, hayo yatazungumzwa baadaye. Watu 300 wamealikwa." Mwingine alisema kwamba yule mwanamke ametumwa na wenye wivu. Twakiri kwamba usiku ule hatukulala, na kwamba moyo wetu ulitafuta njia ya kukubali. Asubuhi tuliwaita wazee wa kanisa, tukamsikiliza kila mtu. Kijana alikana, halafu akanyamaza, mwisho akasema kweli: alikuwa amemwoa mwanamke yule kwa desturi, wakakaa pamoja miaka miwili, kisha akamwacha bila neno lolote. Arusi haikufungwa.

Binti wa Maneromango alilia sana, na ndugu zake walitutukana. Fedha ya ukumbi haikurudi. Baada ya miezi kadhaa mama yake alikuja nyumbani kwetu na kikapu cha mihogo, akakaa kitambo bila kusema. Kisha akasema, "Mchungaji, fedha imepotea, lakini mwanangu hakupotea." Maneno hayo twayakumbuka hata leo. Lakini twakumbuka pia kwamba hata ile fedha isingepotea, wala aibu ile isingekuwa kubwa hivyo, kama sisi tungalisema tangu mwanzo: Matangazo kwanza, ukumbi baadaye.

Kwa hiyo tangu mwaka ule tumejiwekea kanuni, nasi twawashauri wainjilisti wote waifuate. Matangazo yasomwe si katika usharika mmoja tu, bali katika usharika wa kila mchumba, na pia mahali alipozaliwa kama ametoka huko karibuni. Yasomwe walau miezi miwili kabla ya arusi. Kadi zisichapwe wala malipo makubwa yasitolewe kabla Jumapili ya tatu haijapita. Na mwenye neno asikilizwe kwa upole, kwa maana si kila asemaye ana wivu.

5. Kuchagua siku

Siku ya arusi isichaguliwe kwa kutazama kalenda ya ukutani tu. Mambo manne yaangaliwe.

Kwanza, kalenda ya kanisa. Siku za Kwaresima ni siku za toba, na kwa desturi sharika zetu nyingi hazifanyi arusi wakati huo. Wachumba wengi hulikumbuka jambo hili wakiwa wamechelewa, ndipo arusi zote husongamana katika majuma yafuatayo Pasaka.

Pili, mvua. Masika yetu huanza Machi hata Mei, na vuli huanza Oktoba hata Desemba. Mtu wa Kibaha aendaye Kisarawe kwa barabara kuu hupita pande za Dar es Salaam, akashika njia ya Pugu, na hapo foleni yaweza kumla saa mbili au tatu. Apitaye njia ya ndani, kutoka Mlandizi kwenda Mzenga na Maneromango, ajiulize hali ya udongo mvua inaponyesha. Bibi arusi aliyeshuka garini kusukuma, na gauni lake jeupe, hahitaji kufundishwa zaidi.

Tatu, mavuno na mikono ya watu. Wakulima wa korosho wana fedha baada ya mauzo, wala si kabla. Wazazi wenye watoto shuleni hubanwa mwezi wa Januari. Kuwaomba watu mchango wakati mifuko yao imekauka ni kuwafundisha kuahidi wasichoweza kutoa.

Nne, majirani zetu. Katika mkoa wetu wa Pwani jamaa na jirani wengi ni Waislamu. Karamu ya mchana katika mwezi wa Ramadhani itawaacha nje watu tuwapendao. Na mwezi huo hurudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo yafaa kuuliza. Vivyo hivyo mnyama achinjwe na mtu ambaye mkono wake wote waukubali, ili wote wakae sahani moja. Kufanya hivyo si kupunguza imani yetu. Ni kumtunza mgeni.

6. Kamati na hesabu

Kamati ya arusi ni kitu chema. Ni ule ujima wa kale wa kulima shamba la mwenzako, ila sasa umevaa nguo nyingine. Lakini nayo ina magonjwa yake, na tutataja matatu.

Ugonjwa wa kwanza ni kuwa na watu wengi na kazi chache. Watu saba wanatosha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na wengine wanne wa chakula, mahali, usafiri na ibada. Kila mmoja aandikiwe kazi yake na siku ya kuimaliza. Vikao visigeuke kuwa karamu ndogo ndogo zilazo michango kabla ya karamu yenyewe.

Ugonjwa wa pili ni kuihesabu ahadi kama fedha. Tuseme kamati imeahidiwa shilingi 4,000,000, na mwezi mmoja kabla ya arusi zimeletwa 2,400,000. Basi arusi hiyo ni ya shilingi 2,400,000, wala si ya 4,000,000. Tena mwenye hekima ataweka kando sehemu ya kumi, yaani 240,000, kwa ajili ya yasiyotazamiwa, zikabaki 2,160,000. Kama mgeni mmoja, kwa chakula, kinywaji na kiti, agharimu shilingi 20,000, basi fedha hizo zawatosha wageni 108. Ikiwa orodha ina watu 150, kamati ina njia mbili: kupunguza orodha, au kushusha gharama ya kila mgeni hata ifike 14,400. Njia ya tatu, yaani kukopa na kutumaini kwamba zawadi zitalipa, ndiyo iliyowaangusha wengi. Zawadi huja kwa namna ya vyombo na vitenge, lakini mwenye riba hapokei vyombo.

Chakula nacho kina hesabu yake. Wapishi wetu hukadiria kilo moja ya mchele kwa watu sita hata wanane. Watu 150 basi wahitaji kilo 19 hata 25. Hesabu hiyo aulizwe mama aliyezoea kupikia watu wengi, asiulizwe kijana aliyezoea kula tu.

Ugonjwa wa tatu ni sherehe juu ya sherehe. Iko karamu ya wanawake ya kumfunda binti, iko karamu ya kumwaga kwao, kisha iko arusi yenyewe. Na mara nyingi ni watu wale wale waombwao mchango mara tatu kwa simu, pande zote mbili. Mjane mwenye genge la nyanya pale Maili Moja hupokea ujumbe huo pamoja na mtu mwenye mshahara. Twawashauri wazazi wa pande mbili waketi pamoja, waone ni lipi laweza kuunganishwa. Na mtu asihesabiwe kuwa adui kwa sababu ametoa kidogo. Aliyeleta kuni na mikono yake ya kuosha sufuria, huyo naye amechanga.

Jambo moja lisisahauliwe: kabla ya hesabu ya karamu iwepo hesabu ya nyumba. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mara moja. Basi kitanda, kodi, na chakula cha miezi miwili viwekwe kando kwanza, wala kamati isiviguse. Akiba haiozi.

7. Siku yenyewe

Mwezi wa mwisho usiwe wa kutafuta, bali wa kuhakikisha. Wasimamizi wa ndoa wawe wamekwisha kuchaguliwa, nao wawe watu wenye ndoa yenye ushuhuda, wala si wenye nguo nzuri tu. Kwa maana wao ndio watakaogongewa mlango usiku nyumba mpya ikipata tufani. Mashahidi wawe na vitambulisho vyao. Majina katika vyeti yalinganishwe herufi kwa herufi; kosa la jina moja lisahihishwalo leo kwa kalamu laweza kumsumbua mjane kesho mbele ya mirathi.

Siku ya arusi saa ya ibada ni saa ya ibada. Wanawali watano walichelewa kwa sababu ya mafuta. Siku hizi twachelewa kwa sababu ya picha na mapambo. Katika usharika mmoja tuliwangoja maarusi kwa saa mbili na nusu. Wazee walikuwa wameketi, watoto wamelala sakafuni, na kwaya imeimba hata sauti zikakauka. Walipokuja, furaha ilikuwa imekwisha kwenda nyumbani. Dawa yake ni ndogo: mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya saa peke yake, na msafara uondoke saa moja kabla ya ile uliyodhani kuwa yatosha.

Baada ya ibada cheti kitiwe sahihi pale pale, mbele ya wote, kisha kumbukumbu zipelekwe kwa Msajili kama sheria itakavyo. Wanandoa wakihifadhi cheti chao vema. Cheti hicho kitaulizwa kazini, benki na mahakamani, siku ambazo ukumbi na keki vitakuwa vimesahauliwa.

8. Kwa ninyi mkaao pamoja pasipo ndoa

Sasa twawageukia wapendwa wetu tuliowataja mwanzoni. Injili iliingia Kisarawe pamoja na wamisionari kutoka Berlin mwaka 1892, na Maneromango mwaka 1895. Babu na bibi zetu walioamini siku zile hawakuwa na ukumbi. Walisimama kanisani, wakaahidiana, wakala walichokuwa nacho, nasi tu watoto wa ndoa zile.

Tena mkumbukeni Luther mwenyewe. Alimwoa Katharina von Bora katika mji wa Wittenberg jioni ya tarehe 13 Juni 1525, mbele ya mashahidi wachache tu. Karamu ya ndugu na rafiki ilifanywa tarehe 27 Juni, majuma mawili baadaye, na wazazi wake walikuwapo. Yaani ndoa ilitangulia, na karamu ikafuata.

Basi kama kikwazo chenu ni fedha tu, twawaambia wazi: kikwazo hicho kimeondolewa. Njoni kwa mwinjilisti wenu wiki hii. Mtafundishwa, mtatangazwa Jumapili tatu, nanyi mtasimama mbele ya madhabahu pamoja na mashahidi wenu wawili. Nguo iwe ile safi mliyo nayo. Chai na maandazi vyatosha. Siku Mungu atakapowapa nafasi, waiteni ndugu zenu mfanye shukrani. Hakuna mtu katika usharika atakayewacheka, na akiwapo, mleteni kwetu.

Nanyi wazee wa kanisa, ndugu hao wakija, msiwaulize kwanza kwa nini wamechelewa. Wapeni kiti.

Maswali ya kuulizana katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni nani wakaao pasipo ndoa kwa hofu ya gharama? Nani atawaendea?
2. Je, matangazo yetu husomwa kabla au baada ya fedha kutoka?
3. Wazazi wenye mabinti: mahari mtakayoitaka itamwachia nini binti siku ya kwanza katika nyumba yake?
4. Katika arusi ya mwisho iliyofanyika hapa, ahadi zilikuwa kiasi gani, fedha zilizoletwa kiasi gani, na ni nani aliyelipa pengo lake?
5. Nani kati yetu aweza kuwa kama yule aliyeona upungufu Kana, akausema mapema bila kumwaibisha mtu?

Bwana aliyekubali kuwa mgeni arusini Kana, na awe mgeni wa kwanza katika kila nyumba mpya ya sharika zetu, akae humo hata baada ya viti kurudishwa na turubai kukunjwa. Amina.